Ouest-France lilizaliwa 1899 au 1944? Na nakala zake za zamani zinasomwaje kutoka Nairobi?

Kalamu_ya_Ngara

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa makala ya Kiswahili kuhusu magazeti ya mikoani ya Ufaransa, na nimelichagua Ouest-France la mjini Rennes kwa sababu kwa miongo kadhaa limeyapita kwa mauzo magazeti mengine yote ya kila siku nchini humo, ya Paris yakiwemo. Nimekwama kwenye sentensi ya kwanza. Wapo wanaosema lilianza 2 Agosti 1899, wapo wanaosema 7 Agosti 1944. Wengine wanapita katikati: "lilianza 1899 likiitwa L'Ouest-Éclair". Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kuandika, na ndiyo inayonitia shaka.

Nataka pia kujua linamilikiwa na nani hasa, gazeti moja linawezaje kutoa matoleo hamsini na zaidi kwa usiku mmoja, na kama kuna njia ya kusoma nakala za zamani bila kuondoka Nairobi. Kifaransa changu ni cha kusoma polepole na kamusi mkononi.

Mhakiki_Parklands

Shaka yako ina msingi. Kisheria hayo ni magazeti mawili. Kwa ukoo, jengo, mitambo na wasomaji, ni moja. Andika miaka yote miwili, ila usiiunge kwa maneno "lilibadilisha jina". Gazeti hubadilisha jina kwa hiari ya mwenyewe, na hapa haikuwa hivyo.

Anza na L'Ouest-Éclair. Waanzilishi walikuwa wawili: Emmanuel Desgrées du Loû, mwanasheria, na padri Félix Trochu. Magharibi ya Ufaransa ilikuwa ngome ya Wakatoliki, na wengi wao walikuwa bado wanatamani mfalme arudi. Papa Leo wa 13 alikuwa ametoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu haki za wafanyakazi, na mwaka 1892 akawataka Wakatoliki wa Ufaransa waikubali jamhuri. Wawili hawa walilichukulia neno lake kwa uzito: wakatoa gazeti la Kikatoliki lililoikubali jamhuri na kutetea mfanyakazi. Matokeo yake walirushiwa mawe kutoka pande mbili, wapenda wafalme upande mmoja na wapinga Kanisa upande mwingine. Trochu mwenyewe alilazimika kuondoka gazetini mwaka 1930. Desgrées du Loû alifariki 1933.

Tarehe ya kwanza ina jambo lake. Toleo la 2 Agosti 1899 lilitoka siku tano tu kabla ya kesi ya pili ya kapteni Alfred Dreyfus, afisa Myahudi aliyesingiziwa usaliti, kuanza, tena Rennes hapo hapo, tarehe 7 Agosti. Hukumu ilisomwa 9 Septemba. Mji mdogo ulijaa wanahabari wa dunia nzima, na gazeti changa likajikuta limelala mlango mmoja na habari kubwa kuliko zote za wakati ule. Atakayesoma matoleo ya mwezi huo wa kwanza asiyasome kama gazeti la kawaida la mkoani.

Sasa njoo mwaka 1940. Wajerumani waliingia Rennes tarehe 18 Juni. Usitishaji vita ukaanza kutumika usiku wa 25 Juni. L'Ouest-Éclair liliendelea kuchapishwa chini ya mvamizi na udhibiti wake hadi kiangazi cha 1944. Kosa lililoliua ni hilo.

Kanuni za Ukombozi, zilizoanza kuandaliwa na serikali ya muda ya Wafaransa waliopinga Wajerumani kule Algiers kabla Paris haijakombolewa na kukamilishwa kwa amri ya 30 Septemba 1944, zilikuwa na hesabu ya siku. Kanda ya kaskazini, iliyokaliwa na Wajerumani tangu 1940, gazeti lililoendelea kutoka kwa zaidi ya siku 15 baada ya 25 Juni 1940 lilipigwa marufuku. Kanda ya kusini, ambako Wajerumani waliingia 11 Novemba 1942, mwisho ulikuwa siku 15 baada ya hapo, yaani 26 Novemba 1942. Magazeti yaliyoanzishwa chini ya uvamizi nayo hayakusalimika.

Siku hizo hazikuwa za mchezo. Le Temps, lililokuwa limehamia Lyon, lilijifunga lenyewe 29 Novemba 1942, siku tatu baada ya mpaka. Likapotea, na jengo lake la Paris likaenda kwa gazeti jipya, Le Monde, Desemba 1944. Le Progrès la Lyon, la tangu 1859, lilijifunga mapema mwezi huo huo wa Novemba 1942, kwa hiyo liliruhusiwa kurudi na jina lake Septemba 1944. Ndiyo sababu Le Progrès husema "tangu 1859" bila mtu kuuliza swali, na Ouest-France huulizwa kila siku.

Rennes ilikombolewa na Wamarekani 4 Agosti 1944. Siku tatu baadaye, 7 Agosti, Ouest-France likatoka: karatasi moja iliyochapwa mbele na nyuma, kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari. Kampuni mpya, jina jipya, lakini anwani ni ile ile ya rue du Pré-Botté. Kati ya waliolianzisha alikuwamo Paul Hutin, mkwe wa Desgrées du Loû. Alikuwa katibu mkuu wa L'Ouest-Éclair, akaacha kazi Wajerumani walipoingia, akajiunga na upinzani wa siri. Baadaye alijulikana kama Paul Hutin-Desgrées. Bila kujiuzulu kwake mwaka 1940 ni vigumu kuona vipi familia ile ingekabidhiwa tena funguo za jengo.

Mfululizo wa viongozi baada ya hapo ni mfupi: Louis Estrangin kuanzia 1965, François Régis Hutin, mwana wa Paul, kuanzia 1984. Katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limeshalipita France-Soir la Paris na kushika nafasi ya kwanza kwa mauzo.

Ukitaka mfano wa kumfungulia msomaji wa hapa, The Standard inakupa kinyume chake. Ilianzishwa Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee ikiitwa African Standard, ikahamia Nairobi 1910, ikaitwa East African Standard, sasa The Standard. Wamiliki wamebadilika, mji umebadilika, jina limebadilika, lakini hakuna sheria iliyokata kamba. Kule Rennes jengo na ukoo vilibaki, kamba ikakatwa.

BambaNaWino

Nitajibu la matoleo hamsini, mengine nawaachia wenye vitabu.

Usifikirie magazeti hamsini. Fikiria gazeti moja lenye kurasa za wote, habari za dunia, za taifa, michezo mikubwa, na ndani yake kurasa za mitaa zinazobadilishwa kulingana na lori linaelekea wapi. Ouest-France linahudumia departementi 12: nne za Bretagne, tano za Pays de la Loire, na tatu za Normandie ya chini, ambazo ni Calvados, Manche na Orne. Departementi ichukulie kama kaunti kwa ukubwa wa kazi, ingawa mamlaka yake hayalingani na ya kaunti zetu. Kila moja inagawanywa tena kwa miji na vitongoji vyake, na hapo ndipo hamsini inapatikana.

Hesabu ya mabamba ndiyo inayoumiza kichwa. Mtambo wa ofseti wa rangi unahitaji bamba la alumini kwa kila rangi: samawati, waridi iliyokolea, manjano, nyeusi. Ikiwa bamba moja linabeba ukurasa mmoja, ukurasa wa rangi ni mabamba manne. Tuseme toleo la mtaa lina kurasa 6 za kwake: hayo ni mabamba 24. Mara matoleo 50, unapata 1,200 kwa kurasa za mitaa peke yake, na bado hujagusa kurasa za wote. Hii ni hesabu ya mfano tu, ila inakuonyesha kwa nini gazeti la aina hii haliwezi kutegemea mtambo mmoja. Ouest-France huchapa Chantepie, pembeni ya Rennes, na La Chevrolière, kusini ya Nantes, na kila kiwanda kina kanda zake.

Mpangilio wa usiku katika magazeti ya mikoani unafuata barabara. Toleo la mbali hufungwa mapema na kuchapwa kwanza, la mji wenye kiwanda huja mwisho. Kutoka Rennes hadi Brest ni kilomita 240 hivi, karibu nusu ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Mechi ikimalizika karibu na saa tano usiku, msomaji wa Rennes atapata matokeo na uchambuzi, wa mwisho wa barabara anaweza kupata kichwa cha habari na mistari miwili. Unapolinganisha matoleo mawili ya tarehe moja ukaona moja linajua jambo ambalo jingine halijui, usiseme mhariri alificha. Angalia ramani kwanza.

Kinachoharibika:

Kila mtambo unaposimama ili mabamba yabadilishwe, nakala za mwanzo baada ya kuwaka tena ni za kutupa. Ofseti inaishi kwa mizani ya maji na wino. Maji yakizidi, maandishi yanafifia. Yakipungua, wino unashika hata pale pasipotakiwa na ukurasa unatoka na ukungu. Rangi nazo hazikai sawa mara moja, unaona sura ya mtu ina midomo miwili. Mitambo mipya imepunguza taka hizi lakini haijaziondoa. Kwa hiyo matoleo hupangwa yafuatane kwa namna ambayo bamba chache iwezekanavyo hubadilishwa kati ya moja na linalofuata.

Karatasi kukatika. Gombo lina uzito wa tani moja hivi na linakwenda kwa kasi. Kasoro ndogo ukingoni, unyevu au mvuto usio sawa, linakatika. Dakika 15 zikipotea kwenye toleo la kwanza, malori yote ya nyuma yake yanachelewa.

Kosa la tatu ndilo la aibu zaidi: bamba la mtaa mwingine kusahaulika mtamboni. Msomaji wa Vannes anafungua gazeti anakuta matangazo ya vifo vya Laval. Usicheke. Matangazo ya vifo ni moja ya kurasa zinazosomwa kwanza katika gazeti la mkoani, kama yalivyo huku kwetu. Mtu atakusamehe ukikosea jina la waziri, hatakusamehe ukimkosesha mazishi ya jirani. Ndiyo sababu kila bamba huwa na alama ya toleo ukingoni, na mtu huchukua nakala za mwanzo kusoma vichwa vya kurasa, si habari.

Enzi ya L'Ouest-Éclair ilikuwa kazi ya madini ya risasi. Mashine ya Linotype ilimwaga mstari mzima wa risasi ya moto kwa mara moja. Ukurasa ukishapangwa ndani ya fremu ya chuma, uligandamizwa kwenye kadibodi yenye unyevu ili kutoa kalibu, kisha risasi ikamwagwa humo kupata bamba lililopinda la kuvaa kwenye silinda. Maana yake: kubadilisha habari moja ilikuwa kumwaga bamba zima upya. Kwa sababu hiyo habari za mtaa zilifungiwa kwenye kurasa zake, wala hazikutawanywa gazeti zima. Ukiona nakala ya miaka ya 1920 ambayo kurasa nyingi ni zile zile kwa Rennes na Caen halafu ghafla ukurasa mmoja umebadilika kabisa, hapo umeona bamba lililobadilishwa.

Swali la kwa nini Rennes lina jibu fupi: reli. Ilifika Rennes 1857 na Brest 1865. Gazeti linalolala kwenye makutano ya reli linaamkia kila mji.

Makavazi254

Kusoma kutoka Nairobi inawezekana, na kwa L'Ouest-Éclair ni bure. Maktaba ya taifa ya Ufaransa imeyaweka magazeti hayo kwenye Gallica, gallica.bnf.fr, kuanzia 1899 hadi 1944. Huhitaji kujisajili.

Andika L'Ouest-Éclair kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha upande wa vichujio chagua Presse et revues (magazeti na majarida). Subiri hapo kidogo, usibofye cha kwanza. Utaona zaidi ya ingizo moja, kwa kuwa matoleo ya Rennes, Caen na Nantes yameorodheshwa mbalimbali. Chagua toleo kabla ya kuchagua mwaka. Wengi hukosea hapa: wanasoma la Caen wakidhani ni la Rennes, kisha wanaandika kwamba "gazeti halikutaja" jambo ambalo lilikuwa ukurasa wa nne wa toleo jingine. Ukishachagua, inakuja kalenda: mwaka, mwezi, siku.

Ndani ya toleo kuna hali ya maandishi. Hayo yamesomwa na mashine kutoka kwenye picha, na Gallica huonyesha makadirio ya asilimia ya usahihi juu ya maandishi. Asilimia ikiwa chini, usitegemee kutafuta kwa neno. Soma kwa macho. Hata ikiwa juu, kuna mitego. Neno lililokatwa mwisho wa mstari huhesabiwa kuwa maneno mawili. Safu mbili zilizobanana huunganishwa na kutoa sentensi ya kichaa. Majina yenye alama juu ya herufi hupotea: tafuta Desgrées, kisha Desgrees, kisha Loû na Lou peke yake. Jina lisipotokea, tafuta kitu kilicho jirani nalo: jina la mtaa, cheo, jina la meli. Na ukipata ulichotafuta kwenye maandishi, rudi kwenye picha uhakikishe, hasa tarakimu. 3 na 8 kwa mashine ni mapacha.

Kwa wanaohesabu bando: PDF ya toleo zima ni nzito. Pakua ukurasa mmoja kama picha, au maandishi matupu kwanza, halafu picha ya ukurasa ule unaoutaka tu. Unapohifadhi kiungo, usinakili anwani ya matokeo ya utafutaji, kwa kuwa kesho haitafunguka vilevile. Chukua kiungo cha kudumu chenye neno ark. Katika nukuu andika jina la gazeti, toleo la mji gani, tarehe, ukurasa na safu. Bila mji, nukuu yako haina miguu.

Picha za Gallica zinaruhusiwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara ukitaja chanzo: gallica.bnf.fr / BnF. Kwa kitabu cha kuuza, kuna leseni ya kulipia. Makala ya blogu isiyo na matangazo haina shida.

Juu ya miaka 1940 hadi 1944: soma, lakini ujue unasoma maandishi yaliyopita mkononi mwa mdhibiti wa Kijerumani. Usiyatumie kuthibitisha kilichotokea. Yatumie kuonyesha kilichoruhusiwa kusemwa. Sehemu ya kuaminika zaidi ni ile isiyo na siasa: mgao wa vyakula, saa za amri ya kutotoka nje, bei za sokoni. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya hizo, na ndiyo hoja iliyotumiwa na magazeti mengi yaliyokataa kujifunga.

Kuanzia 7 Agosti 1944 mlango wa bure unafungwa. Ouest-France lenyewe lina huduma ya kulipia ya nakala zake za zamani.

Hapa mjini, maktaba ya Alliance Française, pale katikati ya jiji, inakufaa kwa kamusi na kwa kupata mtu wa kukuvusha sentensi ngumu. Ukitaka kuweka ukurasa wa L'Ouest-Éclair na wa East African Standard wa tarehe moja ubavu kwa ubavu, jaribu McMillan, maktaba ya tangu 1931 yenye magazeti ya kikoloni. Ulizia kabla ya kwenda, kwa kuwa jengo limekuwa kwenye ukarabati, na usitarajie kutafuta kwa neno. Huko ni kufunua karatasi, kwa mikono mikavu.

Kalamu_ya_Ngara

Wakuu, mmenimaliza. Swali moja kwa walimu wa Kifaransa: je, niseme ni "gazeti la Kanisa"? Na umiliki vipi? Mahali nimeona limeandikwa ni "mali ya chama", nikafikiri ni chama cha siasa.

Mwalimu_Kilimani

Mwanangu, maneno mawili hayo yote yatakuponza. Nitaanza na chama.

Association katika Kifaransa hapa ni chama cha watu wenye lengo moja wasiogawana faida, kilichosajiliwa kwa sheria ya 1 Julai 1901. Kwa Kiswahili cha Kenya andika "shirika lisilo la faida" au "jumuiya", maana "chama" peke yake msomaji ataona kura na sare za kampeni. Jumuiya inayomiliki Ouest-France inaitwa Association pour le soutien des principes de la démocratie humaniste, na umiliki huo ulipangwa mwaka 1990. Jumuiya inamiliki kampuni mama iitwayo SIPA, na SIPA ndiyo inayomiliki gazeti na magazeti mengine ya kundi.

Kwa nini 1990? Tazama majirani. Robert Hersant, tajiri wa magazeti, alikuwa akinunua magazeti kama anayenunua ng'ombe mnadani: Le Figaro 1975, Le Progrès 1986, na mengi ya mikoani. Gazeti lililo mikononi mwa wenyehisa wa kifamilia lina udhaifu mmoja: kizazi cha tatu huwa wengi, wametawanyika, na mmoja akihitaji pesa, hisa inauzika. Jumuiya ya 1901 haina hisa. Mwanachama akifa au akitoka hana cha kurithisha wala cha kuuza, na faida haigawiwi, inabaki kazini. Mnunuzi akija na mkoba hamkuti mwenye kuufungulia. Kasoro nayo ipo, tuseme ukweli: jumuiya hujichagulia wanachama wake wenyewe, na haiwezi kukusanya mtaji kwa kuuza hisa mitambo mipya inapohitajika.

Ngao hiyo ilikuja kuwa mkuki. Baada ya Hersant kufariki 1996, kundi lake la Socpresse liliishia kwa Serge Dassault, mwenye viwanda vya ndege, mwaka 2004, naye mwaka 2005 akaiuzia SIPA magazeti matatu: Le Courrier de l'Ouest la Angers, Presse-Océan la Nantes na Le Maine libre la Le Mans. Yaani wapinzani wa jirani wakaingia nyumba moja. Kwa makala yako hili ni muhimu kuliko idadi ya nakala. Mnunuzi hakuingia, lakini katika miji mingi ya magharibi msomaji ana majina mawili kibandani na mwenye mali mmoja. Le Télégramme, lililoanza 1944 huko Finistère kuchukua nafasi ya La Dépêche de Brest, limebaki nje ya nyumba hiyo.

Kuhusu Kanisa: hapana. Kanisa halikulimiliki mwaka 1899 wala halilimiliki leo. Sema "lenye mizizi katika Ukatoliki wa kijamii" au "lenye mwelekeo wa demokrasia ya Kikristo". Paul Hutin-Desgrées alikuwa pia mbunge wa Morbihan kwa chama cha MRP, cha demokrasia ya Kikristo, na hicho kweli ni chama cha siasa. Mizizi hiyo unaiona kwenye mwenendo kuliko kwenye ibada. Gazeti lilipinga hukumu ya kifo. Kwa habari za uhalifu lina mwongozo wake wa ndani, ambao kwa Kiswahili ningeutafsiri hivi: sema bila kudhuru, onyesha bila kushtua, shuhudia bila kushambulia, kemea bila kuhukumu. Oktoba 2021 lilitangaza kwamba halitaagiza kura za maoni kwa uchaguzi wa rais wa 2022, likisema ni bora kutuma wanahabari wakasikilize watu. Novemba 2024 lilisitisha kuchapisha kwenye mtandao wa X, zamani Twitter. Unaweza kuafiki au kutoafiki; mimi naona la kura za maoni lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa kura za maoni huuza gazeti.

Maneno mengine ya kuangalia unapotafsiri. Correspondant local de presse si "mwandishi wetu" kwa maana ya mwajiriwa. Sheria ya 27 Januari 1987 inamhesabu kuwa mtu wa kujitegemea anayelipwa kwa kazi anayoleta, na kwa kawaida ana shughuli nyingine: mwalimu mstaafu, mkulima, karani. Ouest-France lina zaidi ya elfu mbili wa namna hiyo, na bila wao kurasa alizozieleza ndugu BambaNaWino zingekuwa tupu. Ningesema "mwandishi wa mashinani". Bouclage ni kufunga kurasa, si kufunga gazeti. Nimeona tafsiri iliyotangaza kwamba gazeti la Brest hufungwa kila usiku. Na commune usiiite "wilaya". Nyingi ni vijiji vya watu mia chache vyenye meya wake. Wadi ya diwani wetu inakaribia zaidi, lakini acha "komyuni" ueleze mara moja.

Kalamu_ya_Ngara

Shukrani, mwalimu. Nimejaribu aya ya kwanza, nikosoeni:

"Tarehe 7 Agosti 1944, siku tatu baada ya Wamarekani kuikomboa Rennes, gazeti jipya lilitoka katika jengo la zamani. Liliitwa Ouest-France. Lilichukua mahali pa L'Ouest-Éclair, lililoanzishwa 1899 na kupigwa marufuku kwa kushirikiana na Wajerumani. Leo linauzwa Ufaransa nzima na kumilikiwa na familia ya Hutin."

Mhakiki_Parklands

Sentensi mbili za kwanza ziache kama zilivyo. Ya tatu irekebishe: kilichohukumiwa na kanuni ni kuendelea kutoka baada ya siku 15. Kushirikiana ni shtaka jingine, lilishughulikiwa mtu kwa mtu. Andika "lililoanzishwa 1899 na kupigwa marufuku kwa kuendelea kuchapishwa chini ya uvamizi". Ya mwisho ifute yote: linauzwa hasa katika departementi 12 za magharibi, na familia iliongoza kwa muda mrefu lakini tangu 1990 mwenye mali ni jumuiya.

BambaNaWino

Na "jengo la zamani" liongezee "na mitambo ya zamani". Ndani ya siku tatu hakuna aliyeweza kufunga mtambo mpya wa rotari, ule wa silinda.